Magitaa ya Wahispania na Masikio Yangu

Kuna watu hujisifu kwamba walikwenda Dar es Salaam, wakalipa kiingilio, wakamwona mwanamuziki mkubwa uwanjani akiwa mdogo kama sisimizi. Mimi sijawahi kulipa kiingilio. Wanamuziki wamekuja kwangu. Wamekaa kwenye kochi langu, wamekula mtori wa mke wangu, halafu wamepiga gitaa nikiwa karibu nao kiasi cha kusikia harufu ya sabuni waliyoogea. Na wote walikuwa watu wa lugha ya Kihispania.

Sikuwachagua. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, anaongoza watalii mlimani, na Kihispania alikiokota kwao huko huko njiani, neno moja moja, mpaka ikawa wageni wa lugha hiyo wote anapewa yeye. Kabla ya kupanda na baada ya kushuka anawaleta walale kwangu Shirimatunda, kwenye vyumba nilivyojenga nyuma ya mashine yangu ya kusaga. Huwezi kuamini ni watu wangapi wanakuja kupanda mlima na gitaa mgongoni. Wanaliacha kwangu wakienda juu, na wakirudi, wamechoka, midomo imebabuka kwa baridi, cha kwanza wanaomba chai na cha pili wanaomba gitaa lao.

Wamepita wengi. Nitasimulia mara tatu nilizozipenda kuliko nyingine. Lakini nisimdanganye mtu: mara mbili kati ya hizo nilikaa pale kwa hofu.

Kwanza mjue nilivyopata nilicho nacho. Shule niliiacha darasa la nne. Niliteremka kutoka Kilema nikiwa na kaptula moja, nikaajiriwa pale mjini Moshi kumwagia maji injini ya mashine ya mtu. Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nilisikiliza. Injini ya dizeli inaongea mchana kutwa, ukiwa na sikio inakuambia yenyewe inaumwa wapi. Nilijua beringi iliyoanza kulika kabla haijashika joto. Nilijua mahindi yenye unyevu kwa mlio wa kinu tu, sijayagusa. Kwa sikio hilo nilinunua mashine yangu ya kwanza, kwa sikio hilo nikajenga, nikasomesha watoto ambao leo wananisahihisha Kiswahili. Kwa hiyo mtu asije kuniambia sikio ni kitu kidogo.

Na nyimbo za Kihispania nilianza kuzipenda siku hizo hizo za kumwaga maji. Jirani na mashine ile kulikuwa na baa yenye gramafoni na santuri kutoka Kuba. Jioni tulizicheza tukiwa na unga mpaka kwenye kope. Hakuna aliyejua neno hata moja. Tuliimba tu, kila mtu na maneno yake ya kubahatisha, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Sasa ile mara ya kwanza. Alikuja mzee wa Meksiko, rika langu au karibu na hapo, tumbo mbele, vidole vinene kama vya seremala. Alipanda na mke wake. Yeye alishindwa njiani, akageuza na kurudi. Mke wake akafika kileleni. Aliposhuka, yule mama alikuwa anamcheka mume wake mbele ya kila mtu, anamwonyesha picha kwenye simu, hii hapa mimi, wewe uko wapi? Ilikuwa Jumapili, mashine nimeizima, tumekaa barazani baada ya chakula. Alikuwapo pia rafiki yangu wa siku nyingi, mfanyabiashara wa vipuri pale mjini, Mwislamu, ambaye kila Jumapili huja kwangu kunywa kahawa na kunitukana.

Mzee wa Meksiko akachukua gitaa lake, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya mke wake, akaanza kumwimbia. Hakutuangalia sisi kabisa.

"Mangi," rafiki yangu akaniambia, maana huniita hivyo kwa utani, kama chifu wa Kichaga, "huyu anaomba msamaha au anadai mahari irudi?"

Mkwe wangu akatega sikio. "Anamwambia mlima ni mrefu, lakini kuishi na yeye ni kurefu zaidi, na huko hajageuza njiani."

Yule mama alicheka mpaka akashika nguzo. Mke wangu naye alicheka, akanitazama mimi kama anayeuliza, na wewe gitaa lako liko wapi?

Nilisikia kila kitu siku ile. Nilisikia ule mkwaruzo mdogo wa kidole kikiteleza kwenye waya. Nilisikia mzee anavuta pumzi kabla ya mstari. Nilisikia bangili za mke wake. Wakati huo sikujua kama ni vitu vya kuhesabu. Nilikuja kuvihesabu baadaye, kama mtu anayehesabu vifaranga mwewe akishapita.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, nilifungua mlango wa nyuma niende kuwasha mashine, nikapiga hatua nje, nikalowa. Maji yaliniingia shingoni. Mvua ilikuwa kubwa, mtaro umejaa, kuku wote wako chini ya gari.

Mke wangu alikuwa jikoni, ananiangalia. "Hukusikia mvua? Inapiga bati tangu alfajiri."

"Nimeisikia."

"Na umetoka bila koti?"

"Nilitaka kunawa uso."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye sufuria yake. Mimi nikasimama pale chini ya upenu wa paa. Nikainua macho. Bati lile nililipigilia mwenyewe, msumari kwa msumari, na maisha yangu yote mvua ikipiga bati huwezi hata kuongea na mtu ndani. Niliona matone yanaruka juu ya bati la banda kama mahindi kwenye kikaango. Nikangoja mlio. Kulikuwa na kitu kama uvumi wa mbali, mbali sana, kama soko ukiwa vilima viwili kutoka sokoni. Ilibidi nishike fremu ya mlango.

Sikumwambia mtu. Nilijifunza njia. Unakaa umeegemea ukuta, ili mtu asikusemeshe kutoka nyuma. Unaangalia midomo. Wakicheka unacheka, lakini unachelewa kidogo, kama mtu mzito wa kuchekeshwa. Na unaongea wewe sana, kwa sauti, maana anayeongea haulizwi swali. Watu wakasema nimekuwa mkali uzeeni. Nikawaacha waseme.

Kilichonitisha hasa nakijua. Baba yangu alikufa kiziwi kule Kilema. Miaka yake ya mwisho alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba, na sisi tukamwongelea mbele ya macho yake kama ng'ombe aliye bandani: amekula? amechafuka? mwingizeni ndani. Kihamba, shamba letu la ukoo, kiligawanywa yeye amekaa pale pale, anaangalia midomo yetu, na hakuna aliyeinama kumweleza. Mtu aliyekuwa akikohoa tu ukoo mzima unanyamaza. Mimi nilitoka kwenye kaptula moja mpaka hapa nilipo, halafu niishie kwenye kigoda kile? Hapana. Bora nife nikiwa ninafokea watu.

Ndipo wakaja wale wa Ajentina. Mume na mke, wote nywele nyeupe, wembamba, wanatembea wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Mume alikuwa na kinanda cha kuvuta, kile kinachofunguka na kujikunja kama kiwavi. Mke ndiye mwimbaji. Mvua ilikuwa imewazuia kupanda, mkwe wangu akasema wasubiri, basi alasiri tukawa tumekaa sebuleni, sisi wawili, wao wawili, mkwe na rafiki yangu wa vipuri. Mapazia yamefungwa nusu. Mke wangu ametoa ndizi za kuchoma na maziwa.

Kinanda kile kilianza chini. Nilikisikia. Kilikuwa kinanguruma tumboni kama injini iliyolala vizuri. Nikapumua. Nikajiambia, unaona, huna shida, ni uchovu tu. Yule mama akaanza kuimba naye chini chini, nikamsikia, sauti ya mtu aliyevuta sigara nyingi. Kisha wimbo ukapanda. Naye akapanda nao. Na ghafla hayupo. Niliona mdomo uko wazi, mshipa wa shingo umesimama, mkono umeinuka na vidole vinatetemeka, na hakuna kitu. Ilikuwa kama mtu aliyepanda ngazi mbele yako akaingia darini na kufunga kifuniko. Akashuka, nikamsikia tena. Akapanda, akapotea.

Niliangalia pembeni nione kama kuna anayeniangalia. Hapo nikaona jambo lililonituliza kidogo. Rafiki yangu amekodoa macho haelewi neno. Mke wangu haelewi neno. Hata mkwe wangu amekunja uso, alisema baadaye kwamba Kihispania cha kule ni kigumu, wanakimeza. Tukiangalia vichekesho kwenye runinga huwa wanageuka, wanauliza, umesikia alivyosema? Nami nakufa kwa hofu kabla sijajibu. Lakini kwa Kihispania hakuna ambaye angeniuliza amesema nini. Chumba kizima kilikuwa kwenye giza moja na mimi. Nilizipendea hilo nyimbo zao, na sitaona aibu kulisema.

Basi nikamkazia macho yule mama. Shingo, midomo, kifua kinavyopanda. Kila alipoingia darini nilimwekea sauti mimi mwenyewe, kichwani, kutoka zile santuri za Kuba za ujana wangu.

"Mangi," rafiki yangu akanigusa goti ili nimtazame, "leo unamtazama huyu mama mpaka mumewe atakupasua na kile kinanda."

"Naangalia ufundi."

"Ufundi uko shingoni?"

Wakacheka wote. Mkwe akatafsiri, wageni nao wakacheka. Mke wangu alicheka kidogo tu. Niliona yeye haangalii waimbaji. Ananiangalia mimi.

Sauti niliyomwekea yule mama ilikuwa nzuri sana. Mpaka leo sijui kama ilifanana na yake.

Halafu likatokea la mashine. Ilikuwa wiki za mavuno, foleni ya magunia imetoka mpaka barabarani. Wateja wangu wana mahali pao pa kukaa, kwenye magunia yao, kando ya ukuta, karibu na mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu. Wamekaa hapo miaka yote. Mama mmoja aliyeleta mahindi yake kutoka tambarare za huko chini alikuwa amekaa hapo, anapiga soga. Akainuka kufunga gunia. Hajamaliza hata fundo, mkanda ukakatika. Uliruka kama nyoka, ukapiga ukuta pale pale kilipokuwa kichwa chake, lipu ikapukutika mpaka tofali likaonekana.

Nilikimbia nikazima. Beringi ilikuwa inatoa moshi. Nilipoigusa kwa kidole chenye mate, mate yalichemka yakafuka. Beringi haifiki hapo kwa dakika moja. Inafika hapo imelia sana.

Nikawageukia. Hofu niliyokuwa nayo nikaifanya iwe hasira. "Hii ilikuwa inalia?"

Wakatazamana. Yule mama ndiye aliyejibu, bado ameshika kamba ya gunia. "Tangu asubuhi, mzee. Inalia kama mbuzi."

"Na mkanyamaza?"

"Tukuambie wewe?" Aliwatazama wenzake wamsaidie, hawakumsaidia. "Mzee, mwenye kuisikia hii mashine si ni wewe? Tukasema, kama yeye hajaizima, basi inalia vizuri."

Ni kweli tupu. Miaka yote mtu akisema, mzee hii mashine leo ina mlio, nilikuwa namwambia arudi kwenye gunia lake, mashine ina mwenyewe. Wote wanajua. Kwa hiyo walikaa pale chini ya sikio langu kama watu waliokaa chini ya paa, na paa lilikuwa limeshatoboka, na anayejua ni mimi peke yangu. Nilimsagia yule mama gunia lake bure baada ya kufunga mkanda mpya. Alishukuru. Shukrani ile ilinitisha kuliko kama angenitukana.

Kuanzia hapo sikutoka bila bisibisi. Sisi mafundi wa injini tuna njia: unachukua bisibisi ndefu, ncha unaigusisha kwenye chuma cha injini, mpini unaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mlio unapita kwenye chuma mpaka kichwani. Zamani niliitumia kutafuta mahali hasa penye ugonjwa. Sasa nikawa naitumia kujua kama injini inawaka. Kila baada ya debe moja nazunguka, naweka bisibisi huku, naweka kule. Wateja wakasema, mzee siku hizi amekuwa makini. Usingizi wangu ukawa mwepesi, na nikawa nikimwona mtu amekaa karibu na mkanda namwondoa kwa kelele, hata kama mashine imezimwa.

Mke wangu alianza kusema twende hospitali. Hakusema masikio. Alisema macho, akasema presha, akasema kupima tu kwa ujumla. Nikasema sina muda. Ukweli nilikuwa naogopa ule mlango. Daktari akishasema neno, limesemwa. Litaandikwa, watoto wataambiwa, watapigiana simu, na ndani ya mwaka mmoja mashine imeuzwa na mimi nimetafutiwa kigoda.

Ilikuwa kiangazi alipokuja binti wa Uhispania yenyewe. Alikuwa ameshuka kutoka kileleni siku iliyotangulia, pua imechunika, anachechemea, na anataka kuona kahawa ilivyo mtini. Mkwe akasema, mzee, tumpeleke Kilema kwenye kihamba chako. Tukaenda wanne: mimi, mke wangu, mkwe na yeye na gitaa lake. Mke wangu alimwonyesha kuchuma, akamkaangia kahawa, akamtwangia. Mchana tukakaa kwenye vigoda kati ya jiko na banda la ng'ombe, migomba imetufunika pande zote. Nikamkaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, akanywa funda moja, akakunja uso, akanywa tena ili asinikosee heshima. Nilimpenda kwa hilo.

Akaweka gitaa mapajani. Nilikuwa nimekaa mbele yake, ningeweza kumgusa. Vidole vikaanza kutembea. Midomo ikaanza kwenda.

Sikusikia kitu. Si juu, si chini. Nikasogeza kigoda. Hakuna. Nikafikiri labda anajaribu tu, hajaanza. Nikaangalia mke wangu, amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu. Nikaangalia bandani. Ng'ombe alikuwa ameacha kutafuna, masikio yote mawili ameyageuzia kwetu. Ng'ombe anasikia.

Mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe. Nikatoa bisibisi, nikainuka.

Binti aliacha kupiga. Alilikumbatia gitaa kwa mikono miwili, akarudi nyuma na kigoda chake.

"Mzee, unafanya nini?" Mkwe wangu alisimama, kwa hiyo niliuona mdomo wake vizuri.

"Mwambie aendelee."

Wakaongea. "Anauliza unataka kulifungua?"

"Mwambie simfungulii kitu. Nataka kulisikiliza."

Wakaongea tena, safari hii mkwe akacheka kwa woga. "Anasema amelibeba kutoka kwao mpaka hapa. Ukilikwaruza, haondoki, atakaa kwako mpaka aolewe."

Nilikuwa nimesimama pale na bisibisi mkononi kama mwizi. Sikujua nirudi kwenye kigoda au niondoke nipotelee kwenye migomba. Mke wangu akainuka. Akaingia jikoni, akatoka na mwiko, anaufuta kwa kanga. Akanichukulia bisibisi, akanipa mwiko.

"Tumia huu. Usimkwaruzie mtoto wa watu gitaa."

Nilimtazama. "Unajua?" Nilidhani nimenong'ona. Mkwe aliniambia baadaye kwamba hata jirani wa juu alisikia.

"Tangu ile mvua," akasema. Alisema amenielekea uso mzima, midomo anaifungua polepole. Na hapo ndipo nikatambua kwamba ni miezi sasa mke wangu haongei na mimi mpaka anielekee hivyo. Nilikuwa nadhani ni mapenzi ya uzeeni.

Mkwe alimweleza binti. Sijui alimweleza nini, lakini uso wa binti ulibadilika, akasogeza kigoda chake karibu, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuweka, chini ya nyaya, kwenye ubao. Nikaweka bapa la mwiko pale. Mpini nikaukandamiza nyuma ya sikio.

Mlio ulikuja. Nyaya nene zilikuja kwanza, kama lori lenye mzigo linapanda kutoka Himo. Kisha zile nyembamba, kama maji ya mfereji yakipita chini ya majani makavu. Ubao ukaniletea kila kitu, hata kucha yake. Lakini sauti yake ya kuimba haikuwepo, na nadhani alinisoma usoni, maana aliinama, akaweka kidevu kwenye ukingo wa gitaa na kuimba akiwa amelielekea lenyewe, ndani ya mbao. Nayo ikaja. Ilikuwa sauti ndogo, ya kawaida. Mwingine angeisikia jikoni asigeuze hata kichwa. Ilinipita mfupani.

Watu nikiwasimulia hapa wanadhani nilifurahi. Nilifurahi, na sijawahi kuogopa hivyo. Mpaka siku ile nilikuwa bado najitetea: wageni wanaimba chini chini, beringi ile ilikuwa mbovu tangu dukani, mvua ile haikuwa kubwa kama wanavyosema. Sasa mwiko unaniambia wimbo uko hapa, umekuwa hapa tangu ulipoanza, mkono mmoja kutoka kwangu, mzima kabisa. Nikaanza kutetemeka. Mkono ulitetemeka mpaka mwiko ukawa unagonga gitaa, tak, tak, tak. Binti akadhani ninampigia mdundo. Akatabasamu, akanifuata. Nikazidi kutetemeka, akazidi kuharakisha. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho wa wimbo, yeye akicheza na hofu yangu kama ngoma, na mke wangu peke yake ndiye aliyekuwa anajua.

Nikiulizwa ipi nimeipenda kuliko zote, ni hiyo.

Binti na mkwe walipokwenda kumpa ng'ombe maganda, mke wangu akaja akasimama mbele yangu. "Jumatatu tunakwenda mjini."

"Kuna watu wa kusaga."

"Mashine imefungwa Jumatatu."

"Imefungwa na nani?"

"Na mimi."

Nikaugeuza mwiko mkononi. "Na wakisema imekwisha? Kwamba hakuna dawa?"

"Basi utakuwa umeambiwa," akasema. "Na mimi nitakuwa nimeambiwa. Sasa hivi naogopa peke yangu."

Jumatatu nilivaa koti la kanisani. Kule hospitali tulikaa kwenye benchi mpaka nikaitwa, yaani mke wangu akanisukuma bega, maana mimi sikusikia nikiitwa. Muuguzi alikuwa binti mdogo, sawa na mjukuu wangu. Niliiona shikamoo kwenye midomo yake, nikaitikia marahaba. Mke wangu akaambiwa asubiri nje. Nikaingizwa kwenye chumba kidogo, mlango mnene kama wa benki. Akanivalisha vitu vya masikioni, akanipa kitufe cha kushika, akanieleza polepole: ukisikia mlio, hata mdogo sana, bonyeza. Kisha akakaa upande wa pili wa kioo, na mashine yake mbele yake.

Nilimwangalia. Mtu aliyeishi kama nilivyoishi miezi ile hawezi kuacha kuangalia mikono ya watu. Na sikuchelewa kuona: kila anapotuma mlio, kidole chake cha shahada kinashuka. Kikishuka, mlio upo. Ingekuwa rahisi. Ningebonyeza kila kidole kikishuka, ningetoka pale na karatasi inayosema mzee huyu ana masikio ya kijana, ningemwonyesha mke wangu, ningewaonyesha watoto, na kesho yake ningewasha mashine na watu wangekaa kwenye magunia yao kando ya mkanda.

Kidole kikashuka. Nikabonyeza. Kikashuka tena, nikabonyeza. Binti akatikisa kichwa kwa furaha, akaandika.

Nikavua vile vitu. Akashtuka, akafungua mlango.

"Vipi babu? Vinakubana?"

"Futa hizo ulizoandika. Geuza kiti changu kitazame ukuta."

"Babu, kaa tu hivyo hivyo, hakuna shida."

"Shida ipo. Geuza."

Alinitazama, akatazama meza yake, nadhani akaelewa. Akageuza kiti, akanivalisha tena, akanigusa bega kwa heshima, akatoka. Mbele yangu kulikuwa na ukuta mweupe, hauna hata picha. Niliweka kidole gumba juu ya kitufe. Nikangoja. Sikujua kama alikuwa ameshaanza.